Vyapati vya Mahindi vya Dada Nancy

Tangu mama afariki, mwaka jana mwezi wa tano, baba hajala nyumbani. Yaani hata mara moja. Anaamka, anakwenda kwenye pamba, mchana anapitia genge la Sikuzani hapa Dutwa, anakula na wazee wenzake, anarudi kashiba. Ndani tumebaki wawili tu. Dada Nancy kaolewa Bariadi, tangu msiba hajaja. Mi nimemaliza kidato cha nne, nasubiri sijui nini.

Kwetu mwanaume hapiki. Kuchoma nyama sawa, ila kukaa jikoni na mwiko, hapana. Mi napika kwa sababu njaa inauma, baba anajifanya haoni. Nikimwambia chakula kipo anasema ameshakula, wakati ndo kwanza anatafuta viatu aende gengeni.

Sasa kwenye simu nikakutana na video za mzee mmoja wa Meksiko. Mzee kabisa, kofia kubwa, ng'ombe nyuma yake, vumbi kama la huku. Anapika mwenyewe vyapati vya mahindi, wanawe wanaume wazima wanakaa wanakula, hakuna anayecheka. Nikaziangalia sijui mara ngapi. Nikasema hiki nampikia baba. Sio ugali, labda hiki hatakihesabu kuwa ni kula nyumbani. Niliwaza hivyo kweli.

Yule mzee anachemsha mahindi na chokaa. Mi chokaa ninayoijua ni ya kupaka ukuta, nikatumia magadi ya mama ya mlenda, yalikuwa bado kwenye kopo. Jumamosi nikachemsha, nikaloweka mpaka asubuhi, maganda yakatoka yenyewe ukiyasugua. Nikapeleka mashineni, wakanifukuza, mahindi yenye maji yanaziba mashine. Ikabaki kinu.

Kinu bwana hakifichiki. Nimetwanga kidogo tu, jirani yetu mama Ndalahwa kachungulia juu ya ua wa minyaa.

"Mzee Mayige kaoa? Mbona kinu kinalia?"

"Ni mimi, mama."

"Joakim! Utaota matiti, ng'wana wane."

Nikamsikia anaenda kumsimulia mtu, wanacheka. Nikaendelea kutwanga, ningefanyaje.

Donge likakubali. Nikalikandamiza kwa kitako cha sufuria, katikati ya vipande viwili vya mfuko wa nailoni, nikachoma kwenye kikaango bila mafuta, maana hayakuwepo. Cha kwanza kiliungua, cha pili kikavimba vizuri kama kwenye video, nikacheka peke yangu. Choroko nikazichemsha, nikaziponda. Nyanya na pilipili nikavichoma kwenye mkaa, nikasaga na chumvi, nikakamulia ndimu. Parachichi nikaliruka, huku ni mpaka mtu asafiri nalo.

Baba akatoka kanisani, kapita kubadilisha shati. Nikamwamkia, mwadila baba, akaitika. Nikaweka kigoda, nikaleta maji ya kunawa. Akaangalia ile sahani muda mrefu, akauliza nini hiki. Nikasema vyapati, vya mahindi. Hakuuliza kapika nani. Kinu kilikuwa pale mlangoni, bado kimelowa.

Akanawa.

Mi nikavuta ndoo nikaikalia, mbele yake. Akachukua kimoja, akachovya kwenye pilipili, akala akiwa amesimama. Akala na cha pili. Halafu akapanga sita kwenye sahani, akazimimina choroko juu, akafunika na sahani nyingine.

"Wenzangu wananisubiri," akasema.

Akatoka nazo. Mi nikabaki kwenye ndoo.

Haikupita nusu saa Novatus akaja na baiskeli. Novatus tulimaliza naye shule, anabeba abiria hapo stendi.

"Oya, Nancy yuko wapi?"

"Nancy?"

"Mzee wako anagawa vyapati pale kwa Sikuzani. Anasema binti yake kavileta toka Bariadi, kavipika kwa mikono yake. Wazee wanagombea, Sikuzani mwenyewe anauliza vinapikwaje. Mi nimekosa."

Nikamwangalia. Angerudi gengeni sasa hivi, na lolote nitakalosema lingefika naye.

"Alikuja," nikasema. "Amewahi gari la kurudi."

Nikampa kimoja. Akakila juu ya baiskeli, mguu mmoja chini, akaniambia nimwambie dada anajua kupika. Nikasema nitamwambia. Akapiga pedali, akaenda.

Vilibaki vitatu. Nikavila vyote. Vilikuwa vitamu kweli, chumvi tu ndo ilizidi kidogo.