Mwaka Ambao Sikulaza Majani

Kwetu Maguu, mwezi wa tatu ukifika, mwanaume anafyeka majani mlimani, anayaacha yanyauke, kisha anayalaza kwa mistari ya miraba. Mke wake anakuja nyuma na jembe, anachimba katikati ya kila mraba na kuyafukia majani kwa udongo. Ndiyo ngolo hiyo. Maharage yanakaa juu ya matuta, maji ya mvua yanatulia mashimoni, na mlima hauporomoki. Mwanamke halazi majani. Akionekana analaza, mumewe atasemwa mpaka kanisani.

Mimi Notburga nimelaza majani ya mdogo wangu Edmund miaka tisa.

Msinicheke. Mama alipofariki Edmund alikuwa na miaka miwili, nikambeba mgongoni, na sijui kama niliwahi kumshusha. Alipooa alikuwa tayari mtu wa pombe. Hilda, mke wake, akabaki na jembe mkononi, majani ya kufukia hakuna. Nikasema, weee, mtoto wa mama yangu asemwe na mimi nipo? Nikawa nadamka kabla ya watu, nachukua nyengo, lile panga la kupinda la marehemu baba, nafyeka, nalaza. Wapita njia wanasema, "Edmund mlevi, lakini shamba lake, jamani!" Nami nafurahi kama mjinga. Shamba langu mwenyewe lilikuwa la mwisho kulimwa kijijini.

Aliyenizindua ni Sista Asteria wa parokiani. Alikuwa na kikundi cha watu wanaoishi na walevi. Nilikwenda kumweleza habari za Edmund, yeye akaniuliza habari zangu. Nikakasirika hasa. Akanipa kijitabu cha tafakari, ukurasa mmoja kwa siku.

"Kila asubuhi, kabla hujamfanyia mtu chochote, kaa, soma, nyamaza," alisema. "Halafu jiulize: hili ni langu au ni lake?"

Wiki za kwanza nilisoma ili tu nimwonyeshe kwamba hakisaidii. Nimekaa mlangoni, macho kwenye kitabu, masikio kwa Edmund. Amerudi? Amekula? Lakini siku zilivyokwenda, katika ule ukimya akaanza kunijia mama.

Mama alikuwa Mnyasa wa Liuli, kando ya ziwa, akaolewa huku milimani. Kila asubuhi alikaa mlangoni ameelekea upande wa ziwa, ingawa ziwa lenyewe kwetu halionekani. Hatukuruhusiwa kumsemesha mpaka ainuke. Kisha yeye na baba wanakwenda shambani, baba analaza majani huku anaimba, mama anamtania kwamba mistari yake imepinda. Baba anajibu, "Wewe wa ziwani, umezoea dagaa wenu wa usipa, utajua nini habari za ngolo?" Wanacheka mpaka mama anaegemea jembe. Sikumbuki hata siku moja mama kushika nyengo ya baba. Jamani, shamba lile lilikuwa na kicheko! Niliwakumbuka hivyo nikalia, kijitabu kikalowa.

Mwezi wa tatu mwaka huu ukafika. Majani ya Edmund yakabaki yamesimama. Hilda akaja.

"Wifi, wenzangu wameanza kuchimba."

"Mwambie mumeo."

"Usipolaza wewe, watoto hawatakula maharage mwaka huu. Unanielewa?"

Nilimwelewa mno. Asubuhi nne nilisoma ukurasa wangu, nikashika nyengo, nikairudisha. Ni lake, najua ni lake. Lakini watoto wale ni wajukuu wa mama yangu.

Asubuhi ya tano nikasikia mtu anafyeka. Nikatimua mbio hadi shambani kwa mdogo wangu. Edmund! Jasho linamtoka, anakata hapa, anaruka pale.

"Shikamoo dada."

"Marahaba." Nikashindwa kujizuia. "Miaka tisa umelala, leo ndiyo umeyaona majani?"

Akasimama. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha.

"Dada, mwaka wa pili baada ya kuoa nilikuja. Nilikuwa nimeacha pombe mwezi mzima, sikumwambia mtu, hata Hilda. Nikaazima nyengo, nikadamka. Kufika hapa nikakuta umeshamaliza, shamba zima, mistari imenyooka. Nikarudi nilikotoka. Jioni ile nikanywa."

"Na hukuniambia? Edmund, kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi sana, dada."

Nilikaa chini katikati ya majani yake nikalia kwa sauti, watu wanapita, wananiona. Edmund hakuja kunibembeleza. Alinitazama kidogo, akainama, akaendelea kufyeka.