Kisichopimwa Hakiandikwi

"Sasa ndiyo nini hii, daktari?" Fundi aliuliza. "Mimi najua jicho la kushoto lina ukungu na miguu ina ganzi. Mengine mwambie Mama Vipimo."

Mama Vipimo ni dada yake, aliyeketi kiti cha pili, mkoba mapajani. Alikuwa mpimaji wa maabara katika jengo hilohilo, ghorofa moja chini, kwa miaka kumi na minane. Mdogo wake, fundi cherehani, alimpachika jina hilo kwa sababu hata maji ya kuoga hakukubali ni ya moto mpaka kipimajoto kiseme.

Daktari wa neva aligusa picha ya ubongo kwenye skrini. Madoa meupe saba. Alieleza kwamba neva ina ala kama waya ulivyo na ganda, na kwamba kinga ya mwili, badala ya kupigana na vijidudu, imeligeukia ganda hilo. Ugonjwa unaitwa MS.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Fundi akasema. "Na mshona nguo ni mimi."

Hakuna aliyecheka. Daktari akauliza kama kuna ndugu aliyewahi kuugua hivyo. Dada alifungua kinywa, lakini Fundi alikuwa amemtangulia.

"Mama. Jicho moja lilizima mwezi mzima, likarudi. Halafu miguu ikamkataa. Alikufa akitembelea makalio, Mungu amrehemu."

Daktari alirudi nyuma kurasa mbili katika faili. "Hapa pameandikwa hakuna. Nani alijaza fomu hii?"

"Mimi," Dada alisema.

Aliijaza miezi saba nyuma katika kliniki ya viungo, kwa sababu vidole vya mdogo wake vilikuwa vimevimba hata kalamu havishiki, sembuse mkasi. Damu yake aliipima kwa mkono wake mwenyewe. TNF, moja ya protini ambazo kinga ya mwili huzitumia kupelekeana ujumbe, ilikuwa juu mara nne ya kawaida. Katika viungo ujumbe wake ni mmoja: choma. Ipo sindano ya kuizima, na Dada ndiye aliyemfuata daktari wa viungo mlango hadi mlango mpaka ikaandikwa. Wiki ya sita Fundi alikata suti nzima bila kupumzika. Dada akatembea kifua mbele.

Alipofika kwenye swali la ndugu wenye ugonjwa wa neva, mama alimjia akilini. Lakini mama hakuwahi kupigwa picha wala kutolewa maji ya uti wa mgongo. Nyumbani waliuita ugonjwa wake miguu tu. Na katika maabara ya Dada sheria ilikuwa moja: kisichopimwa hakiandikwi. Akaandika hakuna, akaendelea na swali lililofuata.

Kibaya zaidi, habari ya TNF aliijua. Alisoma zamani kwamba wagonjwa wa MS waliopewa dawa ya kuizima kwa majaribio walizidiwa na mashambulizi ya ugonjwa, kwa kuwa ndani ya ubongo protini hiyo hiyo hubeba pia ujumbe wa kukarabati. Ndiyo maana swali lile lilikuwapo.

"Sindano inasimama leo," daktari alisema.

"Ndiyo iliyomletea?" Dada aliuliza.

"Inawezekana. Inawezekana pia ugonjwa ungekuja wenyewe. Hakuna kipimo cha kutenganisha."

Kwenye ngazi Fundi alishika ukuta na kukataa mkono wa dada yake.

"Ulijua kwamba dawa hii haifai kwa ugonjwa wa mama?"

"Nilijua."

"Ukaandika hakuna."

"Haikuwa imethibitishwa."

"Dada, mimi na wewe tulimbeba mama chooni miaka minne. Wewe kichwani, mimi miguuni. Ulitaka uthibitisho gani?"

Walitembea hadi dukani, mitaa miwili, Fundi akiburuta mguu wa kulia. Ndani palikuwa na mteja, bibi mmoja mwenye kitambaa cha buluu alichokwisha kupimiwa.

"Fundi, Ijumaa nitavaa au utanivua nguo mbele za watu?"

"Mpelekee mwingine, mama. Vidole vitaanza kuvimba tena karibuni, na jicho siliamini."

"Acha utani wako."

"Leo sina."

Bibi akakunja kitambaa chake polepole, akatoka. Fundi alikaa mbele ya cherehani, akaweka kiganja juu ya gurudumu bila kulizungusha. Dada akashusha nguo ya kwanza kwenye msumari, akasoma jina la mwenyewe kwenye kipande cha karatasi.

"Huyu nimpigie simu niseme nini?"

"Sema fundi anaumwa."

"Wakiuliza utapona lini?"

"Waambie unavyojua wewe," Fundi alisema. "Halafu nenda kazini kwako. Kesho usije."

Nguo zilizobaki zilikuwa ishirini na tatu. Dada aliwapigia simu wenyewe wote, mmoja mmoja, amesimama, kwa sababu hakukaribishwa kiti.