Usimwambie Akaze

Kila mwaka Mama Vidole aliletewa wapya watatu, na kila mwaka alianza moja. Vyeti vyao vya tiba kwa vitendo vilikuwa bado vinanukia wino. Mifupa ya kiganja waliitaja yote bila kukwama, lakini ukiwapa mkono wa mtu uliovimba, waliushika kama waliookota chura. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha kuushika, kuutengenezea banzi la plastiki la kuushikilia, kuuzoesha tena kijiko na kifungo cha shati. Alikuwa ameifanya miaka ishirini na sita, ndani ya chumba kimoja chenye meza ndefu na dirisha lisilofunga vizuri, na sasa alikuwa amechoka mpaka kwenye kope.

Mwisho wa mwaka alikuwa anastaafu. Wakubwa walishamwambia wazi kwamba asipopatikana wa kumrithi, chumba kitageuzwa stoo. Wapya wa miaka iliyopita walikuwa wameshatimka, kila mmoja na sababu zake. Safari hii roho yake ilimwangukia binti mmoja ambaye wenzake walimwita Kimya. Maneno hakuwa nayo, lakini mikono alikuwa nayo. Aligusa kovu akajua palipogandamana kabla hajaambiwa, na kitu hicho hakifundishiki.

Jumatano Mama Vidole alimrudishia fomu.

"Hii nafasi ya nguvu za kiganja mbona tupu? Sitaki fomu zenye matundu, mwanangu. Jaza."

"Lakini, Mama..."

"Jaza."

Alisema hivyo huku akikanda kidole gumba chake mwenyewe, kilichokuwa kinamuuma tangu alfajiri. Hata hakuangalia fomu ilikuwa ya mgonjwa gani.

Ilikuwa ya fundi cherehani mmoja, mcheshi, aliyekatwa na kioo. Kano ya kukunja kidole chake cha shahada ilikuwa imeshonwa na daktari wiki nne kabla. Kano iliyoshonwa huonekana imepona kumbe bado mbichi. Unaisogeza taratibu, unaibembeleza, na kumwambia mtu akaze ngumi unasubiri wiki ya kumi na mbili. Kosa la kukazisha mapema huwapata hasa wenye vyeti vipya, kwa sababu shuleni wamezoeshwa kupima kwanza na kutibu baadaye.

Alhamisi fundi alikuja, akavuliwa banzi, akakunja kidole vizuri tu, akawa anatania kwamba akipona atamshonea Kimya gauni ili watu waanze kumwongelesha. Mama Vidole alikuwa amewapa mgongo, anakata plastiki iliyolainishwa kwenye maji ya moto. Akasikia sauti ndogo ya Kimya ikisema, "Kaza, fundi. Kaza tena kidogo."

Aligeuka na mkasi mkononi. Fundi alikuwa ameshikilia kile chuma cha kupimia nguvu za kiganja.

"Aa," fundi alisema, kama mtu aliyekumbuka kitu alichosahau nyumbani. "Kuna kitu kimekatika humu."

Vidole vingine vilikunjika, cha shahada kikabaki kimenyooka. Daktari aliitwa, akatazama, akasema kesho asubuhi arudi kwenye upasuaji. Kama kidole kitakunjika tena au la, hakusema. Fundi alipelekwa wodini bila utani wowote.

Mama Vidole alimkuta Kimya kwenye kichumba cha makabati, anakunja koti lake jeupe pembe kwa pembe.

"Naacha, Mama. Kazi hii si yangu."

Mama Vidole alivuta kiti akakaa. Angeweza kumbembeleza kwa maneno matamu, akakosa nguvu za maneno matamu.

"Kila mwaka, wiki ya kwanza, huwa nawasimulia wapya kisa cha mtaalamu mmoja aliyemwambia mgonjwa akaze kabla ya wakati. Huwa wanacheka. Wanasema, mjinga gani huyo! Mwaka huu sikuwasimulia. Nilichoka kuwasikia wakicheka."

Kimya aliacha kukunja.

"Mjinga huyo ni mimi. Na mgonjwa alikuwa mdogo wangu wa tumbo moja. Seremala. Mimi nina cheti chenye umri wa miezi mitatu, nikajiona. Hajashika randa tena mpaka leo."

"Alikusamehe?"

"Hajawahi kunilaumu hata siku moja."

"Ulimwomba msamaha?"

Mama Vidole aliinuka akalibana bomba la sinki lililokuwa likidondosha matone.

"Jana ulitaka kuniambia kitu kuhusu ile fomu," alisema mwishowe.

"Nilitaka kukuambia ni wiki ya nne."

"Basi kosa ni la kwangu mara mbili, nami nitaliandika hivyo."

Kimya akalikunjua koti, akalivaa, akafunga vifungo vyote.

"Naenda wodini," alisema. "Nikamwombe fundi msamaha kabla hajalala."

Mama Vidole aliisikiliza miguu yake ikipotea ukumbini, akaona aibu iliyomwingia mwilini kama homa. Mtoto wa juzi alikuwa amefanya ndani ya saa mbili jambo lililomshinda yeye miaka ishirini na sita. Aliandika ripoti, akaweka sahihi, halafu akachukua simu.

Mdogo wake alipokea haraka. Siku hizi alikuwa na duka la misumari na rangi, akiwauzia maseremala wengine.

"Dada? Saa hizi? Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Ni ule mkono wako. Mimi ndiye niliyekwambia ukaze."

"Najua, dada. Nilikuwepo."

"Nisamehe."

Upande wa pili mtu alikuwa anaulizia misumari ya inchi tatu.

"Subiri kwanza," mdogo wake alimwambia mteja. Kisha akashusha pumzi. "Unajua, kila ukija kula kwangu huwa nauweka chini ya meza huu mkono, ili usiuone ukaumia. Miaka yote hiyo. Nimechoka kuuficha, dada."

Mama Vidole alilia, bila kujificha.

"Jumapili nakuja," alisema. "Uuweke mezani."