Darasa la Mtori

Ilikuwa miaka ile shule za watu binafsi zilipoanza kuchipuka kila kona. Fabian alipanda kwenda shule ya Kiingereza pale Kibosho akiwa amekwisha kuamua: leo anamhamisha binti yake. Muhula mzima Stella hakutamka hata neno moja la Kiingereza, si nyumbani, si darasani. Mjini Moshi kulikuwa na shule nyingine, ambako mtoto akiteleza kwa Kichagga anavishwa kibao shingoni mpaka jioni. Huko, Fabian aliambiwa, watoto wanamwaga Kiingereza mpaka raha.

Haraka yake ilikuwa na sababu. Kila alipopeleka vitunguu sokoni Holili, kule mpakani, wanunuzi kutoka Kenya waliijadili bei yake kwa Kiingereza mbele ya macho yake, naye akawa anaitikia kwa kichwa kana kwamba anaelewa. Aibu hiyo hakutaka mwanawe airithi.

Alimkuta Mwalimu Eunike nyuma ya darasa, amezungukwa na watoto wa darasa la kwanza, mkungu wa ndizi katikati, sufuria mekoni. Wanapika mtori, supu ya ndizi! Hasira ikampanda.

"Mwalimu, nimekuja kumchukua Stella."

Eunike alimkaribisha kwa Kiingereza, akamwekea kigoda. Hakuwa mkali mama huyu, lakini ndani ya ua ule Kiswahili hakikumtoka hata ungemfinya. Hakutafsiri, hakuchapa, hakumlazimisha mtoto kusema. Alitamka neno huku akilitenda, kesho akalirudia, na aliyenyamaza akamwacha anyamaze, kama mtu aliyevundika ndizi anavyozingoja ziive. Uvumilivu wa namna ile, jamani, wamejaliwa wachache.

Akampa Fabian ndizi na kisu, akamweleza la kufanya. Fabian hakuambulia kitu. Akaitikia kwa kichwa, vilevile kama Holili, akaanza kumenya. Mwanamume wa Kibosho na kumenya ndizi, wapi na wapi! Utomvu ukamganda vidoleni, watoto wakaziba midomo wasicheke.

Stella hakucheka. Alikiona kile kichwa kikiitikia, akajua baba yake haelewi. Akasogea, akamtoa kisu mkononi.

"Hapana, Baba," alisema kwa Kiingereza, taratibu, kwa sauti ileile ya mwalimu wake. "Mikono kwanza. Paka mafuta. Halafu menya."

Kila neno alilionyesha kwa vidole vyake vidogo: kiganja, kibakuli cha mafuta ya kuzuia utomvu, ndizi.

Fabian aliduwaa. Alikuwa ameelewa yote. Akamgeukia Eunike amwombe radhi, lakini kabla Kiswahili hakijamtoka, mwalimu aliweka kidole mdomoni, akitabasamu. Fabian akahangaika kutafuta neno, lolote, katika yale machache aliyoyapata sasa hivi.

"Mikono," alisema kwa Kiingereza cha kukwaruza, akainyoosha yote miwili mbele ya mtoto.

Stella akachovya vidole kwenye mafuta, akaanza kumpaka.