Chaneli ya Nane

Tangu asubuhi fundi sauti alikuwa akifunga nyaya na kuzifungua, na kufikia saa nane mchana alikuwa ameshazikagua mara nne. Si kwamba zilikuwa na hitilafu. Aliogopa tu siri yake isije ikafichuka, mtu mzima na ndevu zake.

Kundi analolifanyia kazi linaitwa Vichuna. Ni wanawake watatu, na jina hilo walijipa walipokuwa vichuna kweli, wasichana wabichi na warembo. Sasa mmoja ana mjukuu. Walikuwa kwenye ziara ya kuwaaga mashabiki, miji kumi na miwili, na hii ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Walikuwa wanaaga kwa sababu ya koo la mwimbaji wao mkuu, Chiriku. Daktari alimpasulia wazi: mama, ukiendelea kulilazimisha koo hili, mwaka hauishi, hata kumwita mwanao aliye chumba cha pili hutaweza. Ziara moja ya kuaga, sawa. Baada ya hapo, basi.

Chiriku alikuwa shemeji yake fundi, maana fundi amemwoa mdogo wake. Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Fundi wa kuajiriwa tu angemwacha aimbe anavyoimba, watu wavumilie, mambo yaishe. Lakini shemeji! Siku ya mazoezi ya kwanza, Chiriku alipofika kwenye kiitikio cha juu, sauti ilikatika ikabaki mkwaruzo, na mwenyewe akausikia ndani ya kile kispika kidogo wanachovaa sikioni. Akaketi palepale jukwaani akalia. Fundi alimwonea huruma.

Basi akafanya ujanja. Sauti ya Chiriku hupita chaneli ya saba ya mashine ya kuchanganyia sauti. Kwenye chaneli ya nane akaweka sauti ya Chiriku huyohuyo, aliyomrekodi miaka tisa nyuma alipokuwa na koo zima. Kwa kuwa bendi yote hufuata mdundo mmoja wa kuhesabu, sauti hizo mbili zilikwenda sambamba bila kupishana hata kidogo. Wimbo ukipanda, fundi anashusha saba taratibu, anapandisha nane taratibu. Wanamuziki wangapi hufanyiwa hivyo, usiniulize mimi. Kosa la fundi lilikuwa jingine: alimpandishia nane mpaka kwenye kispika cha sikioni. Yaani Chiriku alikuwa akisikia koo la miaka tisa iliyopita, akidhani ni lake la leo.

Weee! Mji wa kwanza alishuka jukwaani anacheka. Mji wa tatu akaacha dawa za koo. Na leo, saa moja kabla ya onyesho, alimwita fundi chumba cha kuvalia akafunga mlango.

"Shemeji, mimi sistaafu."

"Unasemaje?"

"Kama ulivyosikia. Wimbo wa mwisho ukiisha, natangaza. Hakuna cha kwaheri. Wakala wetu ameshanipangia ziara ya miezi minane mingine." Akajitazama kwenye kioo, akajipaka rangi ya mdomo. "Koo si limerudi? Yule daktari akapime mbuzi."

"Lakini hata ukiongea unakwaruza, shemeji."

"Kuongea ni kuongea, kuimba ni kuimba. Wewe si unanisikia kila siku?" Akageuka, akamkazia macho. "Au hutaki kumwacha mdogo wangu miezi minane? Mwanamume gani wewe, unanata kama gundi!"

Fundi alifungua mdomo amwambie. Haki ya Mungu, alifungua. Lakini kilichotoka kilikuwa, "Ndiyo, nakusikia." Akatoka mle ndani kijasho chembamba kinamtiririka, akijitukana matusi yote anayoyajua.

Saa tisa ukumbi ulijaa hadi watu wakakaa kwenye ngazi. Fundi alisimama nyuma ya mashine yake, katikati ya watu. Wimbo baada ya wimbo alishusha saba, akapandisha nane, na kila makofi yalipopigwa moyo ulimlipuka. Akiendelea hivi, shemeji yake atatangaza, na akishatangaza mbele ya umati hatarudi nyuma, namjua yule mwanamke. Akiizima nane, atamuumbua siku yake ya mwisho mbele ya watu elfu tatu. Afanyeje sasa?

Wimbo wa mwisho ulipofika kiitikio cha kwanza, ndipo alipoona njia. Ukumbini aliiacha nane ilivyo. Akaishusha sikioni mwa Chiriku tu, pole pole, na pole pole akampandishia saba.

Chiriku alishtuka kama aliyeguswa na maji baridi. Akakigusa kile kispika. Akaimba tena, akasikia mkwaruzo. Na mbele yake watu wamesimama, wanalia, wanampigia makofi. Hakuelewa. Akakichomoa kispika sikioni. Halafu, kwa ule uzoefu wake wote, akaileta maiki karibu kabisa na midomo mpaka ikaifunika, akafunga mdomo.

Sauti yake ikaendelea kuimba.

Alisimama hivyo kiitikio kizima, akisikiliza. Macho yake yalimtafuta fundi kule nyuma, yakampata. Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze.

Wimbo ukaisha. Fundi alifungua saba, akafunga nane, akangoja, roho mkononi. Chiriku alikohoa kidogo. "Wapenzi wangu," akasema kwa sauti ile ya kukwaruza, "tumefika. Asanteni sana. Kwaherini." Wakala, pembeni ya jukwaa, alishika kichwa.

Watu walipokwisha kutoka, Chiriku alikuja hadi kwenye mashine akavuta kiti. Fundi alianza kuomba radhi.

"Kwanza nyamaza," Chiriku alimwambia. "Nitakugombeza kesho, tena mbele ya mkeo, na utakoma." Akafuta machozi kwa kiganja, wanja ukasambaa shavuni. "Ila yule Chiriku wa zamani, shemeji, alikuwa anajua kuimba, eh? Miaka yote hii sikuwahi kumsikiliza nikiwa nimefunga mdomo."