Siku Mbili Bila Ng'ombe

Jumanne na Jumatano, tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, sikuona ng'ombe hata mmoja akivuka barabara yetu ya Ihumwa. Nilihesabu malori, mabasi, bajaji, pikipiki, gari ndogo, baiskeli na watu wa miguu. Kila kilichopita nilikichorea kijiti, cha tano nakilaza juu ya vinne, kama tulivyofundishwa. Safu ya mwisho ya karatasi, ile ya wanyama, ilibaki nyeupe.

Safu hiyo mwanzoni haikuwepo. Niliiomba mimi. Siku ya mafunzo nilinyoosha mkono, mwanangu Anje akiwa mgongoni, nikamwambia msimamizi wetu, injinia Hamidi, "Samahani, pale kwenye kalavati ng'ombe wanavuka asubuhi kwenda lamboni, jioni wanarudi. Humu hawana pao." Makarani wenzangu wakaangua kicheko. Hamidi hakucheka. Alichukua rula akaongeza mstari kwa mkono wake, kisha akanieleza kitu kilichoninyima raha.

Barabara itapanuliwa iwe ya njia nne, na katikati utapita ukuta wa zege toka makutano hadi darajani. Mifugo itavukia huko darajani, kilomita nne mbele.

"Ila michoro bado haijafungwa," alisema. "Karatasi zikionyesha wanyama wanavuka pale kila siku, nitawaombea njia ya chini, ipite chini ya barabara palepale kwenye kalavati. Zisipoonyesha, mama Anje, nitasimama na nini mbele ya wakubwa? Tunahesabu siku tatu tu."

Kilomita nne kwenda na nne kurudi, wakati wa kiangazi, ng'ombe aliyekonda hazimudu. Baba yangu, Mzee Lameck, naye hazimudu. Ana goti bovu na miaka sabini na kitu, na hana kazi nyingine anayoijua.

Nimezaliwa upande wa kusini wa barabara hiyo, na lambo liko kaskazini. Nilipokuwa mdogo haikuwa na lami, ilikuwa vumbi jekundu linaloingia hadi kwenye chungu cha mlenda. Kulikuwa na basi moja la asubuhi, na dereva wake alikuwa mtu wa mjini aitwaye Swalihu, mwenye kofia ya kufumwa na sauti ya taratibu. Akikuta ng'ombe wetu barabarani alikuwa anazima injini kabisa. Kimya kinatanda, unasikia kwato tu na watoto wa abiria wakiuliza mama zao majina ya rangi za ng'ombe. Swalihu anateremka, anamnyooshea baba mkono, anamsalimia kwa Kigogo.

"Mbukwa, Mzee Lameck! Leo mko wangapi?"

"Tupo," baba anajibu.

"Wengi?"

"Tupo tu, Swalihu."

Wanacheka wote wawili. Kila siku swali lilelile na jibu lilelile, na mimi pembeni na fimbo yangu fupi nacheka bila kujua nacheka nini. Nikikumbuka asubuhi zile nasikia hata harufu yake, maziwa na dizeli. Hakuna aliyekuwa na haraka. Au labda walikuwa nayo, mimi ndiye niliyekuwa sina.

Sasa malori yanapita pale hata kusalimiana hamuwezi. Mwenzangu wa zamu, Mwanaharusi, alikuwa akihesabu yanayoenda mjini na mimi yanayotoka. Nikimnyonyesha Anje chini ya mwavuli, alihesabu pande zote mbili bila kinyongo. Lakini mdomo wake!

"Mama Anje, ng'ombe zenu wamepanda treni nini?" alinambia Jumatano jioni tukikunja viti. "Umetuongezea safu ya bure. Mimi nimeona kuku mmoja, tena kabebwa kwenye bodaboda. Nimwandike?"

Nilicheka, ila moyoni palikuwa panawaka. Nilivua riflekta, nikamfunga mtoto, nikaenda moja kwa moja nyumbani kwa baba.

Nilikuta ng'ombe ndiyo kwanza wanaingia zizini, vumbi hadi masikioni, ndimi nje. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda anajikanda goti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Mjukuu wangu huyo? Mlete."

"Mmevukia wapi leo?"

Alijifanya anamwangalia mtoto meno. "Kule."

"Kule wapi?"

"Kule darajani. Tumezunguka."

"Na jana?"

"Na jana."

"Na ng'ombe wa Mzee Bartolomayo? Na wale wa kina Luka?"

"Wote. Nimewaambia mimi." Alimpakata Anje vizuri, akashusha sauti kama tuko kanisani. "Jumapili baada ya ibada watu walinishika mkono. Wakasema, Lameck, binti yako yuko barabarani na kalamu, anahesabu kila kinachopita. Mama, wewe umekulia humu. Umewahi kunisikia nataja idadi? Ng'ombe hanyooshewi kidole akatajwa namba. Na hata ukiacha hayo, tulishahesabiwa zamani. Walikuja na karatasi hivihivi, wakaondoka, na waliporudi walikuja kusema punguzeni mifugo."

"Baba, safari hii ni kwa ajili ya kuwapa njia."

"Na ile nyingine ilikuwa kwa ajili ya malisho." Akanitazama. "Angekuwa mtoto wa mtu mwingine pale, tungepita, tukamwacha na dhambi yake. Lakini ni wewe. Sikutaka siku moja waseme ng'ombe wa Ihumwa walitajwa na Ruthu wa Lameck. Ndiyo nikazunguka, na goti hili."

Alikuwa ametembea kilomita zote zile kunikinga mimi na kalamu yangu. Na kwa kunikinga alikuwa anaifunga njia yake mwenyewe, yeye na kijiji kizima.

Nilikaa chini nikawaza. Miaka minne nilisoma masomo ya jioni Kizota, nikitoka kwenye kibanda cha kukaangia chipsi mikono inanuka mafuta, na mwalimu wetu wa hesabu alikuwa na swali moja alilolirudia hadi tukamwiga: "Unapima nini hasa?" Nikajiuliza. Hamidi anapima nini hasa? Hataki utajiri wa baba. Anataka kujua barabara inasimama kwa muda gani.

Nikampigia simu palepale, nikaweka sauti ya nje.

"Injinia, tukiandika dakika badala ya vichwa? Ng'ombe wa kwanza akikanyaga lami naangalia saa, wa mwisho akitoka naangalia tena. Magari yamesimama dakika ngapi, basi. Wangapi hatuandiki."

"Kwani tatizo ni nini?"

"Hawatajwi idadi. Ndiyo maana hawakupita."

Hamidi akacheka, kicheko cha mtu aliyekumbushwa kwao. "Subhanallah, nami nilisahau! Bibi yangu kule Busi alikuwa na ng'ombe. Ukimuuliza wako wangapi, anakuuliza, kwani umekuja kuposa? Mzee yupo hapo? Shikamoo mzee."

"Marahaba," baba aliijibu simu, ameinyooshea shingo.

"Dakika zinanitosha, mzee. Tena kwa wakubwa wangu dakika zina uzito kuliko ng'ombe. Lori kusimama ndiyo lugha yao."

Baba hakuahidi kitu. Alinirudishia mtoto, akasema, "Dakika ni za saa. Hazina mwenyewe. Ngoja nilale nalo hilo."

Alhamisi saa kumi na mbili nilikuwa kitini. Ikapita nusu saa, ikafika saa moja. Mwanaharusi akanimiminia chai kwenye mfuniko wa chupa, na siku hiyo hakutania. Saa moja na dakika kumi na mbili niliona vumbi upande wa kusini.

Baba alikuwa mbele, fimbo mabegani. Nyuma yake makundi matatu yamechanganyika, yake, la Mzee Bartolomayo na la kina Luka, na vijana wakipiga miluzi. Hakunisalimia. Alipita hatua mbili kutoka nilipo kama mtu asiyenijua, na nikaelewa kwamba ndivyo inavyotakiwa.

Ng'ombe wa kwanza akakanyaga lami. Nikaandika saa.

Mkono una mazoea yake. Baada ya siku mbili za vijiti, vidole vyangu vilianza vyenyewe, kimoja, viwili, vitatu. Nikaifunika kalamu kwa kofia yake, nikamgeukia Anje, nikamshika vidole vyake. Kwa masikio niliyasikia malori yakifunga breki moja baada ya jingine, kisha honi.

"We mzee! Lami ni ya magari hii!" dereva mmoja alichomoza kichwa.

Baba akasimama katikati ya barabara, katulia. "Kwani wewe una magari mangapi?"

"Yanakuhusu nini?"

"Umeona? Hata wewe hutaki kuyataja."

Mwanaharusi alicheka hadi chai ikammwagikia. Dereva mwenyewe akashindwa kujizuia, akaegemea usukani anacheka na kutikisa kichwa. Mkia wa mwisho ulipotoka kwenye lami niliangalia saa. Dakika kumi na moja. Foleni ilikuwa imepita kona, mwisho wake siuoni.

Jioni walirudi, dakika tisa. Safari hii katika foleni kulikuwa na gari jeupe la Hamidi. Hakupiga honi. Alishuka akatembea hadi kwetu, viatu vyake vya ofisini vimejaa vumbi, akaisoma karatasi amesimama.

"Siku moja kati ya tatu," alisema. "Wataniuliza hizo sifuri mbili."

"Kuna nafasi ya maelezo huku chini."

"Basi yaandike. Kwa Kiswahili chako hichohicho, usiyapambe. Nitayapeleka yalivyo."

Niliandika nusu ukurasa juu ya boneti la gari lake, Anje akiwa kwenye mikono ya Mwanaharusi. Nilieleza kwa nini watu waadilifu walizunguka kilomita nane kwa siku kukwepa karatasi, na kwamba nyeupe ile haikuwa na maana kwamba hakuna anayevuka. Nilipomaliza niliyasoma tena mara mbili, kama siku ya mtihani wa mwisho, kisha nikamkabidhi.

Njia ya chini ilikubaliwa. Hamidi alikuja kijijini na mchoro, akamuuliza baba iwe na kimo gani, na baba akasema ya kimo watajua wao, yeye anataka upana, mtu aweze kutembea ubavuni mwa ng'ombe bila kubanwa, na watoto wa shule nao wapite. Akapewa upana.

Imefunguliwa mwaka huu. Siku ya kwanza nilimpeleka Anje, anatembea sasa na anataka kubebwa pale tu anapochoka kunisumbua. Tulisimama upande wa lambo. Juu yetu magari yalikuwa yanapita bila kupunguza mwendo, njia nne, na nilijikuta ninasikiliza kama kuna litakalosimama. Hakuna. Nilifurahi, na bado niliendelea kusikiliza.

Ng'ombe waligoma mdomoni mwa njia, wanalinusa giza. Vijana wakapiga miluzi, wapi. Ndipo baba akaacha fimbo, akaingia peke yake mbele yao, akiwaita kwa sauti ya chini, na wakaanza kumfuata. Walitokea upande wetu wakipepesa macho, wakatupita, wakanyoosha lamboni wenyewe.

Baba hakuwafuata. Alisimama, akatikisa kichwa, akageuka akarudi ndani.

"Baba, umesahau nini?"

"Hebu nyamaza kwanza," alisema kutoka gizani. "Kuna mwangwi humu."

Kisha mzee wangu wa miaka sabini na kitu akapaza sauti akajiita jina lake, Lameck, na zege likamrudishia, Lameck, Lameck. Akacheka peke yake humo ndani. Anje alinikumbatia mguu kwa woga. Halafu akaniachia, akasogea hadi mlangoni pa njia, akavuta pumzi, na yeye akapiga ukelele wake.