Usiseme "Si Tayari"

Mdogo wangu alipompa binti yangu saa yake ya mkononi, nilidhani ni zawadi. Alipoleta redio yake, akaiweka juu ya cherehani yangu na kusema, "Kaa nayo tu, Dada," nilianza kujiuliza. Siku alipomgawia fundi wa injini miwani yake ya jua, ile ambayo hakuna aliyewahi kuthubutu hata kuijaribu, sikujiuliza tena. Nilifunga duka la kushonea, nikaenda kukaa uani, nikalia mpaka kamasi zikanitoka. Mtu hagawi vitu vyake hivyohivyo. Huwa anasafisha nyumba kabla ya kuondoka, na mdogo wangu hakuwa na safari yoyote ninayoijua.

Tunamwita Nahodha tangu utotoni, alipokuwa akikaa ndani ya beseni na kutuamrisha sisi wakubwa zake tumsukume. Alipokua akawa dereva wa boti katika klabu ya ski za maji pale bwawani. Yeye ndiye anayewavuta wanafunzi. Mtu anakaa majini, ski mbili miguuni, mpini wa kamba mikononi. Nahodha anauliza, "Tayari?" Mtu anajibu, "Tayari!" Boti inaondoka, na mtu ama anainuka juu ya maji ama anakunywa nusu ya bwawa. Mimi kazi yangu ni ya nchi kavu. Nashona maturubai ya boti na kurekebisha jaketi za kuokolea, na maji yenyewe nayaheshimu kwa mbali, kama mkwe.

Msimu uliopita binti yangu alikuwa majini akijifunza. Kamba ilikuwa imemzunguka vidole. Nahodha akauliza, "Tayari?" Mtoto akapiga kelele, "Si tayari!" Upepo na injini vikaila ile "si", ikabaki "tayari", na mjomba wake akavuta. Ndani ya boti palitakiwa pawe na mwangalizi, mtu wa kukaa kinyumenyume akimtazama aliye majini na kumpelekea dereva maneno yake. Mwangalizi alikuwa ameenda kula. Nahodha alisema ni raundi moja tu, haina neno. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikwenda na ile kamba.

Nilimtukana mdogo wangu matusi ambayo sikujua kama ninayo. Hakunijibu hata moja. Binti yangu alipona, akaanza tena kusuka nywele zake mwenyewe, akawa anawatania wenzake kwamba yeye akihesabu anaishia nane. Hasira zangu nazo zikapoa, maana utamkasirikia mpaka lini mtu asiyejitetea? Aliyebaki palepale majini ni Nahodha. Kitu cha mwisho alichofanya klabuni ni kuandika kibao kwa mkono wake na kukipigilia misumari kwenye gati: USISEME "SI TAYARI". SEMA "BADO". Kisha akarudi nyumbani, akalala, akageukia ukuta.

Klabu walimvumilia, nisiwasingizie. Lakini kiti cha dereva hakiwezi kukaa kitupu milele. Kamati ikaamua kwamba ama Nahodha avute angalau mshindani mmoja kwenye mashindano ya wanaoanza, mbele ya waamuzi, ama boti apewe mwingine. Alipopelekewa habari akasema, "Mpeni mwingine." Siku hiyohiyo ndiyo aliyoniletea redio.

Kwa hiyo siku ya miwani, nilipomaliza kulia, nilinawa uso nikaenda kwa mwamuzi mkuu. Huyu ni mwalimu mstaafu wa michezo ambaye filimbi haimtoki shingoni hata akiwa anakunywa chai. Nilimkuta amejishika kichwa. Daraja la watu wazima wanaoanza lilikuwa na washindani wawili tu, daktari wa meno na mwoka mikate, na kanuni inasema wasipofika watatu daraja linafutwa.

"Niandike mimi," nikasema.

Alinitazama kuanzia kilemba mpaka kandambili. "Umewahi kupanda ski?"

"Sijawahi kupanda hata baiskeli."

"Basi sifa unazo." Akacheka peke yake, kisha akaona sicheki. "Daraja hili ni la mtu ambaye hajawahi kuzunguka maboya yote sita ya pembeni kwenye mashindano. Ski mbili ruksa. Mwendo unachagua mwenyewe, hata ukitaka wa konokono. Ukishindwa kuinuka unajaribu tena, mpaka mara tatu. Na maboya ya pembeni yakikutisha, achana nayo, kaa nyuma ya boti, pita katikati ya zile jozi za maboya zinazoiongoza boti. Kila jozi ya maboya utakayoipita ukiwa wima ni pointi. Dereva pia unachagua."

"Hapohapo," nikasema. "Hapo kwenye dereva."

Akaweka kalamu chini. Hakuna mtu pale klabuni asiyejua habari zetu. "Mama, asipotokea, wewe umefutwa. Ukifutwa wewe mnabaki wawili, na wale wenzako wamefutwa pia. Unalijua hilo?"

"Ndiyo maana nimekuja."

Chumba cha Nahodha kilikuwa na joto la pazia lisilofunguliwa. Kikombe cha chai nilichompelekea asubuhi kilikuwa palepale kwenye stuli, chai imeota utando. Nilimwambia habari zote nikiwa nimesimama mlangoni, nikiuambia mgongo wake.

"Dada," akasema bila kugeuka, "wewe unaogopa hata beseni la kufulia."

"Naogopa. Sasa fikiria nimefikishwa wapi."

"Tafuta dereva mwingine."

"Nimeshakuandikisha wewe. Usipokuja tunafutwa wote, mpaka yule mwoka mikate wako uliyehangaika naye msimu mzima ajue kukunja magoti."

Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Nitakuua."

"Na wewe mwenyewe je? Wewe unataka kujifanyia nini?"

Hakujibu, na mimi nikaisikia ile "hakujibu" mpaka kwenye mifupa. Nikapiga magoti pale sakafuni, mimi niliyembeba mgongoni akiwa hajaota meno. "Nahodha, mdogo wangu, nakuomba. Nimekupikia, nimekutukana, nimekuombea dua, vyote umevipa mgongo. Sina kingine. Nimebaki na haya mashindano ya kipuuzi tu." Nilingoja pale mpaka magoti yakauma. Nikainuka, nikachukua kikombe, nikatoka bila jibu.

Siku ya mashindano nilivaa jaketi nililolishona upya mwenyewe, kila mshono mara mbili, nikasimama kwenye gati jua likiwaka. Daktari wa meno alishapita jozi nne na dereva wake, watu wakampigia makofi. Mwoka mikate alipita mbili, akaanguka kifudifudi. Nahodha hayupo. Mwamuzi mkuu aliita jina langu, akaita tena, akaniangalia kwa huruma ambayo ningependa kumrudishia usoni. Nilikuwa nimeanza kufungua vifungo vya jaketi nilipomwona anakuja kutoka upande wa lango, shati linamning'inia, macho ameyakunja kwa sababu ya jua. Miwani yake ilikuwa usoni kwa fundi wa injini, hatua chache kutoka hapo.

Alipofika kwenye boti akakwama. Binti yangu alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha mwangalizi, kinyumenyume.

"Shuka," akamwambia.

"Sishuki, Mjomba. Kanuni inataka mwangalizi, na mtihani wake nimefaulu."

"Nimesema shuka!"

"Mara ya mwisho hukuwa na mwangalizi," binti yangu akasema, taratibu tu. "Leo unaye. Washa."

Sijui alipata wapi nguvu ya kuwasha. Mimi nilishateremshwa majini, ski zinanielekea usoni, kila moja na akili yake. Nimesikia watu wengi wakisema maji yamewafika shingoni. Mimi yalinifika kweli, na yalikuwa ya baridi.

"Tayari?" Nahodha akauliza. Sauti yake ilikuwa imekatika katikati.

"Tayari!"

"Tayari, Mjomba," binti yangu akarudia.

Akavuta. Sikuinuka. Boti ilikwenda kwa woga, kama mtu anayefungua mlango wa chumba cha mgonjwa, na ukivutwa polepole namna hiyo huinuki, unaburutwa tu. Niliburutwa kama gogo, maji yakaniingia kila tundu, nikaachia. Mara ya pili ikawa hivyohivyo. Nilimwona kutoka kule chini, mkono uko kwenye gia lakini hausukumi, unagusa tu. Nikajua kabisa. Hakuwa anashindwa kunivuta mimi. Alikuwa hawezi kumvuta mtu yeyote tena, na mimi nilikuwa nimemleta hadharani aje alione hilo mwenyewe mbele ya watu wote. Nilitamani bwawa linimeze. Kama angerudi kule chumbani na hili moyoni, mimi ndiye ningekuwa nimemsukuma.

"Jaribio la mwisho!" mwamuzi akatangaza kwenye kipaza sauti.

Boti ikanizunguka kuniletea kamba. Nilikuwa nimechoka, macho yanawasha, nikaidaka vibaya. Nilipofumba mkono nikahisi kamba imepita juu ya vidole na kurudi chini yake. Nikavuta mkono, ikakaza. Injini ikabadilisha mlio.

"Tayari?"

Kibao nilikuwa nakiona kutoka pale. Herufi zake kubwa zilikuwa zinanitazama. Nimekisoma kila siku nikipeleka maturubai, nimewafokea watoto wa watu wasilitamke neno lile hata kwa utani. Na mtu akiogopa kufa hasomi kibao.

"Si tayari!" nikapiga yowe. "Si tayari!"

Kwenye gati mtu mmoja akasema "Mungu wangu." Nikafumba macho, nikangoja kamba ijikaze.

Haikukaza. Nilisikia injini inazimwa. Bwawa zima likanyamaza, yakabaki maji yakigonga ubavu wa boti. Nilipofumbua macho, Nahodha alikuwa amesimama, amegeuka kunitazama, mikono yote miwili juu, mbali na gia. Binti yangu hakuwa hata amefungua mdomo.

"Nimesikia," Nahodha akasema. "Dada, nimesikia. Umesema si tayari."

"Kamba iko vidoleni," nikasema, na meno yangu yanagongana.

"Itoe. Usiwe na haraka. Sivuti." Kisha akamgeukia binti yangu. "Nimemsikia mwenyewe," akamwambia. "Nimesikia ile 'si'."

"Nimeona, Mjomba," mtoto akasema, na machozi yalikuwa yanamtoka bila kuyafuta.

Kanuni inampa mshindani dakika moja tu ya kuanza, na ilikuwa imeshapita, kila mtu alijua. Mwamuzi mkuu alitazama saa yake, akaivua, akaanza kuipangusa kwa shati, akaipangusa mpaka nikadhani ataitoa rangi. Nikaifungua kamba kidole kwa kidole. Nikashika mpini kama nilivyowaona wanafunzi wakiushika.

"Tayari," nikasema.

Nahodha hakugusa gia. Alimtazama binti yangu. "Amesema nini?"

"Amesema tayari."

"Una uhakika?"

Binti yangu akanyoosha mkono wake wa kushoto, ule wa vidole vitatu, akamshika mjomba wake begani. "Amesema tayari. Vuta."

Akavuta. Safari hii alivuta kama Nahodha ninayemjua. Mikono yangu nusura ing'oke, maji yakanipiga kifuani, halafu yakawa chini yangu. Nilisimama! Magoti yanagongana, makalio yako nje, mdomo wazi, lakini nilikuwa wima, na jozi moja ya maboya ikanipita huku na huku. Ya pili niliiona inakuja, nikafurahi mapema, nikaanguka.

Nilipoibuka niliinua mikono yote miwili juu ya kichwa. Hiyo ndiyo ishara ya kusema mimi mzima. Kule kwenye boti wakainua ya kwao, wote wawili.

Nilipata pointi moja, nikawa wa mwisho katika watu watatu. Walinivuta hadi kwenye gati, nikakaa pale kama nguo iliyosahaulika kukamuliwa. Nahodha aliifunga boti, akalivuta fundo mara mbili kama kawaida yake, akaja akachuchumaa mbele yetu. Akajikuna shingo.

"Mwanangu," akamwambia binti yangu, "ile saa yangu. Ninaweza kuiomba?"

Binti yangu alishaanza kuivua kabla hajamaliza kusema. Mkanda ukamshinda, ikabidi mjomba wake amsaidie.

"Jumatatu nitakuwa na wanafunzi," akasema akiivaa. "Bila saa nitawachelewesha."

Nilitaka kumjibu kwa ukali wangu wa kila siku, nimwambie redio simrudishii, nimeshaizoea. Badala yake nikamshika ule mkono wenye saa, nikauweka shavuni kwangu, nikalia mbele ya klabu nzima, na hakuutoa.